Uzi maalumu: Thabeet aliondoka UConn mwaka 2009, mimi nikabaki. Hivi ndivyo timu ya chuo inavyokushika

#1 – Mleta uzi

Wakuu, habari za muda huu.

Humu jukwaani ushabiki tunaoujua ni wa Simba na Yanga, Arsenal na Man U, na wachache wa Lakers. Nikisema timu yangu ni ya chuo kikuu cha Marekani, chuo ambacho sikusoma na wala sina ndugu aliyesoma pale, watu huniuliza swali lilelile: chuo? Ndiyo, chuo. University of Connecticut, wenyewe wanaita UConn. Kipo Storrs, mahali pa mashamba na misitu, na kilianza mwaka 1881 kama shule ya kilimo. Timu zao zote zinaitwa Huskies, jina la aina ya mbwa wa nchi za baridi. Mimi ni wa mpira wa kikapu.

Aliyenipeleka huko ni Hasheem Thabeet. Walio wadogo huenda wanamjua kwa picha tu, kwa hiyo niseme kidogo. Mtoto wa Dar es Salaam, futi 7 na inchi 3, aliyeanza kucheza kikapu akiwa tayari ana miaka kama 15. Akaenda Houston, Texas, kumalizia sekondari, na mwaka 2006 akaingia UConn chini ya kocha Jim Calhoun. Msimu wake wa tatu, 2008/09, alikuwa na wastani wa pointi 13.6, ribaundi 10.8 na bloku 4.2 kwa mechi. Kwa misimu mitatu alizuia mitupo 417, na katika historia ya chuo kile aliye juu yake ni Emeka Okafor peke yake.

Namba hizo hazielezi kila kitu. Angalieni video za zamani mtaona jambo ambalo halihesabiwi popote. Mchezaji mfupi anampita beki wake, anaingia chini ya goli, njia nyeupe, halafu anasita. Anainua macho, anamwona Thabeet amesimama pale mikono chini, bado hata hajaruka, na anaurudisha mpira nje. Hiyo siyo bloku, lakini shambulizi limekufa. Ilikuwa inatokea kila mechi, mara nyingi kwa mechi moja.

Sasa tulikuwa tunafuatiliaje? Kumbukeni mkongo wa intaneti wa baharini wa SEACOM ulifika Dar Julai 2009. Kabla ya hapo intaneti yetu ilikuwa ya setilaiti, video ya moja kwa moja ilikuwa ndoto. Ulifungua ukurasa wa matokeo, unabonyeza upya, unasubiri ufunguke, unaona pointi zimesogea mbili. Faulo ya Thabeet ya tatu unaiona kama tarakimu imebadilika kwenye jedwali. Roho inakudunda kwa tarakimu.

Mechi iliyonimaliza kabisa ni ya Machi 12, 2009, UConn na Syracuse, robo fainali ya mashindano ya Big East, ligi ya vyuo waliyokuwamo UConn, pale Madison Square Garden, New York. Ilianza huko saa 3:36 usiku, kwetu saa 10:36 alfajiri ya Ijumaa. Muda wa kawaida ukaisha 71 kwa 71. Sekunde ya mwisho Eric Devendorf wa Syracuse alitupa pointi tatu ikaingia, jamaa akapanda juu ya meza ya watangazaji kushangilia, waamuzi wakarudia video wakaifuta: mpira ulikuwa bado mkononi taa ilipowaka. Ikaenda nyongeza ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Nilianza kufuatilia kwa simu, kwa GPRS ile ya kukwamakwama, na kafe ya intaneti ya mtaani kwetu ilipofunguliwa asubuhi mechi ilikuwa bado inaendelea, nikahamia kwenye kompyuta! Nyongeza sita, wakuu. Katika tano za kwanza Syracuse hawakuongoza hata mara moja, kila mara sisi tunatangulia wao wanasawazisha. Jonny Flynn wao alicheza dakika 67 kati ya 70. Ya sita Thabeet alikuwa ameshatolewa kwa faulo tano, chini ya goli hakuna mtu, wakatufunga 127 kwa 117. Kwetu ilikuwa saa 2:22 asubuhi, watu wako kwenye daladala wanakwenda kazini.

Tulipoteza, na toka siku ile sikuwa tena mtu anayemfuatilia Mtanzania mwenzake. Nilikuwa nimeumia kwa ajili ya A.J. Price aliyefunga pointi 33, kwa ajili ya Calhoun, kwa ajili ya ile jezi. Wiki tatu baadaye wakafika timu nne za mwisho pale Detroit, mbele ya watu zaidi ya 72,000, wakafungwa na Michigan State 82 kwa 73. Juni Thabeet akachaguliwa wa pili kwenye drafti, pale timu za NBA zinapochagua wachezaji wapya kwa zamu, nyuma ya Blake Griffin na mbele ya James Harden. Mtanzania wa kwanza NBA.

Wengi waliokuwa wanafuatilia naye wakahama naye. Mimi nikabaki Storrs, na sijutii. Karibuni tujadili.

#2 – Mdau

Mkuu, umenikumbusha mbali. Thabeet alitutoa kimasomaso, ila tuseme ukweli, NBA hakung'ara. Namba 2 halafu ndani ya msimu wa kwanza anashushwa ligi ya chini. Wewe unaonaje, UConn walimjenga au walimtumia?

#3 – Mleta uzi

Mkuu, swali zito. Walimjenga. Mtu aliyegusa mpira akiwa na miaka 15, ndani ya miaka mitatu ya chuo akawa beki bora wa Big East mara mbili, 2008 na 2009, na mwaka huo wa mwisho akagawana tuzo ya mchezaji bora wa ligi na DeJuan Blair wa Pittsburgh. Ile ligi ya wakati ule ilikuwa moto.

Lakini huyohuyo Blair ndiye aliyeonyesha mapema tatizo liko wapi. Februari 16, 2009, siku ya kuzaliwa ya Thabeet, UConn wakiwa namba moja nchini, Blair ambaye ni mfupi kwake kwa zaidi ya nusu futi alimsukuma kwa kiuno mechi nzima, mara moja akambwaga chini kwa bega mpaka watu wakashika vichwa. Blair alimaliza na ribaundi 23, Thabeet nne. Miguu na kiuno vilikuwa havijapata nguvu ya kusimama na wanaume wa aina ile, na NBA wamejaa wao. Angebaki mwaka wa nne? Mimi ningefurahi. Lakini kijana amefiwa na baba, ana familia Dar, anaambiwa atachaguliwa wa pili duniani. Hakuna mtu humu angekataa, na simlaumu hata kidogo. Aliendelea kucheza miaka mingi baadaye, mpaka Taiwan. Huyo ni mtu wa kazi.

#4 – Mdau

Mimi ndicho kinachonishinda kwenye timu za vyuo. Mchezaji umemzoea, mwaka mmoja au miwili kaondoka. Klabu angalau anakaa miaka kumi. Unampenda nani sasa?

#5 – Mleta uzi

Mkuu, jibu langu ni 2013 na 2014. Naomba uvumilivu, hapa nitaandika kwa urefu.

UConn walikuwa wameshachukua ubingwa wa taifa mara tatu chini ya Calhoun: 1999 kwa Richard Hamilton, walipowafunga Duke 77 kwa 74, 2004 kwa Okafor na Ben Gordon, na 2011 kwa Kemba Walker, aliyeshinda mechi tano ndani ya siku tano kwenye Big East halafu akaunganisha sita za taifa bila kupoteza. Raha tupu. Halafu mambo yakaharibika yote kwa pamoja. NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, wana kipimo cha maendeleo ya masomo ya wachezaji, na alama za UConn za miaka iliyotangulia zilikuwa chini ya kiwango. Adhabu: msimu wa 2012/13 hakuna mashindano ya mwisho wa msimu. Unacheza toka Novemba mpaka mapema Machi, halafu unakwenda nyumbani hata kama umeshinda zote. Waliofanya makosa ya masomo wengi wao walishaondoka, adhabu ikawaangukia waliokuwepo.

Andre Drummond na Jeremy Lamb wakaenda NBA. Alex Oriakhi na Roscoe Smith wakahama. Calhoun naye, Septemba 2012, akastaafu. Timu akapewa Kevin Ollie, mchezaji wa zamani wa palepale, mwanzoni kwa mkataba mfupi wa majaribio. Na juu ya hayo, Big East yenyewe ikavunjika. Syracuse wakaenda ligi nyingine ya vyuo, ACC, Pittsburgh wakaenda ACC, Louisville wakafuata, kila mtu anakimbilia fedha za televisheni za mpira wa miguu wa Kimarekani. UConn hawakuitwa na mtu. Wakaachwa kwenye ligi mpya iliyoitwa American.

Shabazz Napier alikuwa na kila sababu ya kuondoka. Akabaki. Ryan Boatright, DeAndre Daniels na Niels Giffey Mjerumani wakabaki. Msimu ule wa adhabu walishinda mechi 20 na kupoteza 10, mechi ambazo hazikuwa na pa kuwapeleka. Mimi nilizifuatilia kuliko hata zile za ubingwa. Kuna mechi walicheza kwa nguvu ya ajabu, nyongeza juu ya nyongeza, na wanajua kabisa hakuna kombe mbele. Ukitaka kujua mtu anacheza kwa ajili ya nini, mwangalie katika msimu wa namna hiyo.

Mwaka uliofuata wakaruhusiwa. Wakapangwa namba 7 kwenye kanda yao, maana yake hakuna aliyewadhania. Mechi ya kwanza nusura watolewe na Saint Joseph's, wakaokoka kwenye nyongeza. Wakawatoa Villanova. Wakawatoa Iowa State. Halafu nani mbele yao? Michigan State, walewale waliotufunga Detroit, safari hii Madison Square Garden. 60 kwa 54. Baada ya hapo Florida waliokuwa namba moja nchini, na fainali Kentucky, timu iliyoanza na watoto watano wa mwaka wa kwanza, wote wa kwenda NBA. Tena 60 kwa 54. Napier pointi 22. Akachukua kipaza sauti pale uwanjani Texas akawaambia watu wote kwamba haya ndiyo matokeo ya kutufungia.

Kwa hiyo mkuu, umeuliza nampenda nani. Nawapenda waliobaki. Kila kizazi wapo, na chuo ndicho kinachowazaa.

#6 – Mdau

Bonjour ndugu zangu. Mimi ni Mkongomani, naishi Hartford. Mleta uzi amesema kweli, niongeze kitu ambacho mtu wa mbali hawezi kukiona. Hili jimbo dogo halina timu ya NBA, halina ya NFL, halina ya besiboli ya ligi kuu. Walikuwa na Hartford Whalers ya hoki, ikahamia North Carolina mwaka 1997. Kwa hiyo UConn ndiyo timu ya kila mtu. Fundi bomba ambaye hakusoma, muuguzi, dereva wa basi la shule, wote wana kofia ya bluu yenye mbwa.

Nilipofika hapa bila Kiingereza cha kutosha, kazini Januari nilikuwa nasalimia tu. Siku moja mwenzangu aliniuliza kama nimeona mechi ya jana. Nikajifunza majina ya wachezaji kabla sijajifunza majina ya mitaa. Uwanja wa ndani wa Gampel Pavilion ya Storrs unachukua watu wapatao elfu kumi, paa lake la mviringo, sauti haina pa kutokea. Wanafunzi wanapanga foleni kwenye baridi ambayo hata mbwa anaikimbia, isipokuwa yule wao Jonathan, mbwa halisi wa timu, anakuja uwanjani na mshipi wake. Wakianza kutaja herufi moja moja, U-C-O-N-N, wazee na watoto, mwili unasisimka.

#7 – Mleta uzi

Ndugu yangu wa Hartford, Mungu akubariki. Kuhusu Whalers ulichosema ndicho ninachowaeleza watu kila siku. Timu ya kulipwa mwenye nayo anaweza kuipakia kwenye lori akaipeleka jimbo jingine. Chuo hakihami.

#8 – Mdau

Jamani nyie kaka zangu, mmeandika kurasa nzima ya UConn mnataja wanaume tu? Mnajua kweli mnachoshabikia?

#9 – Mleta uzi

Dada, una haki, na nilikuwa naelekea huko. Wanaume wana ubingwa sita: 1999, 2004, 2011, 2014, 2023 na 2024. Wanawake wana 12, mara mbili yake. Geno Auriemma, aliyezaliwa Montella, Italia, akaletwa Marekani akiwa mtoto, alipokea timu mwaka 1985 ikiwa haina jina lolote. Mwaka 1995 wakashinda zote 35, Rebecca Lobo akiwa nahodha wa mioyo ya watu. Kuanzia hapo hawakushuka. Sue Bird, Diana Taurasi, Maya Moore, Breanna Stewart aliyechukua ubingwa minne kwa miaka minne. Walifikisha mechi 111 mfululizo bila kufungwa, mpaka Machi 2017 Morgan William wa Mississippi State, binti mdogo wa futi 5 na inchi 5, alipotupa ule mtupo wa sekunde ya mwisho kwenye nyongeza.

Na msimu ule wa Thabeet, tukiwa tunalia kwa Syracuse na Detroit, kina dada walimaliza 39 kwa sifuri. Mwaka 2004 UConn ndicho chuo cha kwanza timu zote mbili kuchukua ubingwa mwaka mmoja, wakarudia 2014. Hakuna chuo kingine kimefanya hivyo.

Mimi binafsi ubingwa wa 2025 ndio ulionigusa zaidi kwa wanawake. Paige Bueckers alikuwa ameumia goti, msimu mzima nje, anarudi, anafika karibu, anakosa. Angeweza kwenda WNBA, ligi ya kulipwa ya wanawake, mwaka mmoja kabla. Akarudi kwa mara ya mwisho, wakawafunga South Carolina 82 kwa 59. Auriemma alipomkumbatia pembeni ya uwanja, mzee wa miaka 71, wote wawili machozi. Tena ni yaleyale ya Napier: aliyebaki.

#10 – Mdau

Wachezaji siku hizi wanalipwa na wanahama kama wacheza soka. Bado ni timu ya chuo hiyo?

#11 – Mleta uzi

Swali la wakati huu. Toka Julai 2021 wanaruhusiwa kupata fedha kwa jina na sura zao, yaani mikataba ya matangazo na mfano wake, na toka Julai 2025, baada ya ile kesi kubwa ya wachezaji dhidi ya NCAA kumalizwa mahakamani, vyuo vyenyewe vinaweza kuwalipa, kwa kuanzia mpaka dola milioni 20.5 kwa chuo kwa mwaka, michezo yote pamoja. Na kuhama, mchezaji anahama bila kukaa nje msimu mzima kama zamani.

Kulipwa mimi naunga mkono kwa mikono miwili. Thabeet alijaza viwanja na televisheni ikalipwa, yeye akapata ada, chakula na kitanda. Haikuwa sawa. Kuhamahama kunaniuma, sitaficha, ingawa Tristen Newton, mchezaji bora wa fainali za 2024, alitoka East Carolina, na Cam Spencer alitoka Rutgers. Dan Hurley, kocha wa sasa, anajua kuchagua. Mwaka ule waliwafungia Illinois pointi 30 mfululizo bila jibu, kutoka 23 kwa 23 mpaka 53 kwa 23, mechi ya kuingia timu nne za mwisho! Lakini jina ninalolitaja kwa watoto ni Alex Karaban. Ubingwa mara mbili, angeweza kwenda NBA, angeweza kuuza huduma yake popote, akarudi Storrs msimu wa tatu, akarudi tena wa nne.

Na chuo chenyewe kilifanya chaguo kama la Karaban. Julai 2020 kiliacha ligi ile ya American, kikarudi Big East kwa ajili ya kikapu, timu ya mpira wa miguu wa Kimarekani ikabaki bila ligi. Wachambuzi wengi walisema wanajimaliza. Miaka mitatu baadaye kombe.

#12 – Mdau

Kaka, shikamoo kwa uzi. Mimi ni mzazi, kijana wangu ana miaka 16, mrefu, anacheza kikapu na ameshaanza kuambiwa habari za skolashipu Marekani. Wewe unayefuatilia vyuo, ungeniambia niangalie nini?

#13 – Mleta uzi

Marahaba, ila mzazi mwenzangu shikamoo nakurudishia. Kwanza masomo. NCAA wana orodha ya masomo ya sekondari wanayoyahesabu, na anatakiwa ajisajili kwenye kituo chao cha uhakiki. Chuo kikimtaka, muulize kocha kwa utulivu: wachezaji wako wa misimu iliyopita wangapi wamehitimu? Kocha mzuri ana jibu mdomoni. UConn yenyewe ilifungiwa kwa jambo hilohilo, na toka wakati huo wanalichunga.

Pili, kocha akiondoka, nini kinampata mwanangu? Na skolashipu ni ya mwaka mmoja inayohuishwa au ya miaka yote? Ipatikane kwa maandishi.

Tatu, fedha. Asikudanganye mtu kwamba atalipwa kama Wamarekani. Anayekwenda kwa viza ya mwanafunzi ana vikwazo vizito vya kufanya kazi kule, na hizi fedha za jina na sura zinagongana na vikwazo hivyo. Adama Sanogo wa Mali alikuwa mchezaji bora wa fainali za 2023, nchi nzima inamjua, na wenzake Wamarekani walikuwa na uhuru wa mikataba ambao yeye hakuwa nao. Kabla ya kusaini chochote pata mwanasheria wa uhamiaji, usimtegemee wakala peke yake.

Ripoti zake za shule toka kidato cha kwanza anzeni kuzikusanya sasa, zenye mhuri. Wanazitaka zote, na kuzifuatilia shuleni miaka mitatu baadaye ni kazi. Akifikia hatua ya kuandikiwa na chuo, njoo PM tuisome hiyo barua pamoja.